FIMBO YA MBALI: SAFARI YA LOD HADI ENTEBBE

Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hiyo imewafariji watu wengi, na miongoni mwao wamo watawala walioamini kwamba adui aliye mbali si adui wa kumkesha. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, kwenye uwanja wa ndege wa Entebbe nchini Uganda, imani hiyo ilivunjika kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Fimbo ilitoka Israeli, nchi iliyo zaidi ya kilomita 3,500 kutoka Entebbe, ikafika, ikapiga, na asubuhi ya siku ile ile ikawa imekwisha kurudi kwao. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1979, fimbo nyingine ya mbali ililetwa kwenye uwanja huo huo, safari hii kutoka Libya, ili kumwokoa mtawala yule yule aliyekuwa ameaibishwa mwaka 1976. Fimbo hiyo ya pili haikuua nyoka. Tofauti kati ya fimbo hizo mbili ni jambo ambalo kila askari wa jeshi na wa polisi katika nchi hizi zinazolizunguka Ziwa Victoria anapaswa kulitafakari.

Umbali wa anga una historia yake katika eneo hili. Tarehe 28 Februari 1931, Shirika la Ndege la Imperial Airways lilianzisha safari kutoka Croydon, karibu na London, hadi Mwanza. Safari hiyo ilichukua siku zipatazo kumi, na sehemu yake ya mwisho, kutoka Khartoum hadi Mwanza, ilifanywa kwa ndege za kutua majini zilizoshuka katika Mto Nile na katika ziwa lenyewe. Mwezi Mei 1952 ndege ya abiria ya kwanza duniani yenye injini za jeti, iitwayo Comet, ilianza safari zake za kawaida kati ya London na Johannesburg, na Entebbe ilikuwa kituo kimojawapo njiani. Safari yote, hadi Johannesburg, ilichukua chini ya saa 24. Katika miaka ishirini na mmoja tu, siku kumi zilikuwa zimegeuka kuwa saa. Wala ardhi haikusogea hata hatua moja. Kilomita zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni vyombo, mafuta na vituo vya kupumzikia njiani.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kushika. Kwa mtu wa ramani, umbali ni kilomita. Kwa rubani, umbali ni mafuta yaliyomo tangini, muda wa kukaa hewani, na uwanja ambao mwenyewe atamruhusu kutua. Ndege isiyo na mahali pa kujaza mafuta iko mbali na kila nchi. Ndege yenye rafiki njiani iko karibu na nchi nyingi. Kwa hiyo anayetaka kujua adui yake yu mbali kiasi gani asiulize tu zipo kilomita ngapi kati yao. Aulize pia ni nani waliokaa katikati, na wana uhusiano gani na pande zote mbili.

Kati ya Lod, uwanja mkuu wa ndege wa Israeli ulio karibu na Tel Aviv, na Entebbe, upo umbali wa kilomita zipatazo 3,560 kwa mstari ulionyooka. Ndege kubwa ya abiria ya jeti huweza kuumaliza umbali huo kwa muda wa saa nne na nusu hivi. Lakini kabla ya 1976 umbali huo ulikuwa umekwisha kufupishwa kwa njia nyingine, nayo ni urafiki wa kijeshi. Katika miaka ya sitini na mwanzoni mwa miaka ya sabini, maofisa wa Israeli walifundisha marubani na askari wa miavuli wa Uganda. Idi Amin mwenyewe alipata kwenda Israeli kwa mafunzo, na akapenda kuvaa kifuani alama ya mabawa ya askari wa miavuli wa huko. Kampuni ya ujenzi ya Kiisraeli ilifanya kazi kwenye uwanja wa Entebbe. Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Waisraeli wote na kugeukia upande wa pili, akashika urafiki na Libya. Watu waliondoka, walakini walichokuwa wamekiona hakikubaki Entebbe. Ramani za majengo, upana wa njia ya kurukia ndege, tabia za jeshi na tabia za mkuu wake, vyote viliondoka pamoja nao. Mgeni anayefukuzwa hurudisha funguo, lakini hawezi kurudisha alichokwisha kukijua.

Mkasa wenyewe ulianzia mbali sana na Uganda. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Shirika la Ndege la Ufaransa, aina ya Airbus, safari namba 139, iliondoka Lod kwenda Paris kwa kupitia Athens, mji mkuu wa Ugiriki. Ilikuwa na abiria 248 na wafanyakazi 12. Huko Athens walipanda watu wanne: wawili wakiwa wa kundi lililojitenga na Chama cha Wananchi cha Ukombozi wa Palestina, na wawili Wajerumani, mwanamume na mwanamke. Walikuwa wamefika Athens kwa ndege nyingine kutoka Bahrain, na kwa kuwa walikuwa wasafiri wa kupita tu, mizigo yao haikukaguliwa barabara. Ndani ya mizigo hiyo zilikuwamo silaha. Dakika chache baada ya ndege kuruka kutoka Athens, ilikuwa mikononi mwao.

Askari wa polisi na azingatie jambo hilo kabla ya kuendelea mbele. Vifo vyote vilivyotokea Entebbe wiki moja baadaye, na vile vilivyofuata baada ya hapo, vilipitia kwenye meza moja ya ukaguzi ambayo haikufanya kazi yake. Hakuna aliyehongwa, wala hakuna aliyepigana na mtu. Palikuwa na dhana tu kwamba mpita njia hana haja ya kuchunguzwa. Kilomita elfu kadhaa za maafa zilianzia kwenye mfuko ambao haukufunguliwa.

Ndege hiyo ilipelekwa kwanza Benghazi, Libya, ikajazwa mafuta na kukaa hapo kwa saa kadhaa, kisha ikaruka usiku kuelekea kusini. Alfajiri ya tarehe 28 Juni ilitua Entebbe. Watekaji walikuta wenzao wengine wakiwangojea, na walikuta pia askari wa Uganda wakiwa wameuzunguka uwanja, si kwa kuwazuia bali kwa kuwalinda. Mateka waliingizwa katika jengo la abiria la zamani. Dai lililotolewa ni kwamba wafungwa 53 waachiwe huru, 40 kati yao wakiwa Israeli, na waliobaki wakiwa katika nchi nyingine nne, Kenya ikiwa mojawapo. Kenya ilitajwa kwa sababu mwezi Januari mwaka ule walikamatwa huko watu watano waliokuwa wamejiandaa kuitungua kwa kombora ndege ya Israeli katika uwanja wa Nairobi. Hivyo basi, hata kabla risasi moja haijalia Entebbe, jirani wa Uganda alikuwa amekwisha kuingizwa katika ugomvi huo.

Siku ya mwisho iliyowekwa ilikuwa tarehe 1 Julai. Siku hizo Amin alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na wakati wake ulikuwa umefika wa kukabidhi kiti hicho katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Port Louis, Mauritius. Siku ya mwisho ikasogezwa hadi tarehe 4 Julai, na Amin akaenda Mauritius. Wakati huo huo mateka zaidi ya 140 wasiokuwa Waisraeli waliachiwa na kupelekwa Paris. Rubani Mfaransa, Michel Bacos, na wafanyakazi wenzake walikataa kuwaacha abiria wao. Wakabaki watu 106.

Mambo hayo mawili, yaani siku tatu zilizoongezwa na mateka walioachiwa, ndiyo yaliyoufupisha umbali kuliko ndege yoyote. Mateka waliofika Paris waliulizwa kila kitu: watekaji ni wangapi, wana silaha gani, wanakaa upande gani wa ukumbi, milango inafunguka vipi, askari wa Uganda wanasimama wapi. Kanali mstaafu wa Israeli aliyepata kuuongoza ujumbe wa kijeshi wa nchi yake huko Uganda, Baruch Bar-Lev, alimpigia Amin simu mara kadhaa akizungumza naye kama rafiki wa zamani. Simu haijui kilomita. Kwa maneno mengine, Amin alikuwa akilinda uwanja wake kwa bunduki huku habari za uwanja huo zikitoka kila siku kwa mlango ulio wazi.

Ilibaki kazi ya hesabu. Ndege zilizochaguliwa zilikuwa nne za mizigo, aina ya Hercules, zenye uwezo wa kubeba magari na askari na kutua kwenye njia fupi. Ni ndege madhubuti, lakini si za kasi. Mwendo wake ni kilomita 500 na kidogo kwa saa. Tena hazikuweza kwenda kwa mstari ulionyooka, kwa maana mstari huo ungepita juu ya Misri na Sudan. Zikapangiwa njia ya kuzunguka: kwanza Sharm el-Sheikh, kwenye ncha ya kusini ya Sinai, ambayo wakati huo ilikuwa mikononi mwa Israeli, kisha juu ya Bahari ya Shamu, mara nyingine kwa kuruka chini sana ili rada za pwani zisizione, kisha kukata kuingia barani kwa upande wa pembe ya Afrika, kupita juu ya Ethiopia, kuelekea Kenya na hatimaye Ziwa Victoria. Njia hiyo ilikuwa ya kilomita 4,000 hivi, na kutoka Sharm el-Sheikh peke yake ndege zilikaa hewani zaidi ya saa saba. Ndege mbili za jeti aina ya Boeing 707 zilizifuata nyuma. Moja ilikuwa ya makamanda, ambayo ilizunguka angani juu ya Entebbe wakati wote wa shambulio. Ya pili ilikuwa na madaktari na vitanda, nayo ilikwenda kutua Nairobi.

Hapo ndipo lilipokuwa fundo la mambo yote. Hercules iliyojaa watu na magari iliweza kufika Entebbe, lakini haikuweza kwenda na kurudi bila kujazwa mafuta. Kwa mujibu wa hesabu hiyo, Israeli ilikuwa mbali na Uganda, na methali ya wahenga ilikuwa bado ya kweli. Washambuliaji walibeba pampu ili ikibidi wafyonze mafuta katika matangi ya Entebbe kwenyewe, kazi ambayo ingewaweka ardhini kwa muda mrefu katikati ya jeshi lililokwisha kuamshwa. Lakini kutoka Entebbe hadi Nairobi ni kilomita 520 tu, mwendo wa saa moja kwa Hercules. Uwanja wa Embakasi, ambao mwaka 1978 ulipewa jina la Jomo Kenyatta, ukawa wazi kwao. Kilomita 4,000 za kurudi zikageuka kuwa 520. Umbali kati ya Lod na Entebbe haukuondolewa na injini. Uliondolewa na jirani.

Kwa nini jirani huyo akafungua mlango? Jibu si gumu. Mwezi Februari 1976, miezi mitano tu kabla ya mkasa huu, Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya Kenya ya magharibi, hadi karibu na Nairobi, ilikuwa kihistoria mali ya Uganda. Na Sudan nayo akaigusa kwa madai ya namna hiyo hiyo. Mwaka 1971 na 1972 alikuwa amekwisha kupigana mpakani na Tanzania na kuishambulia miji yake kwa mabomu. Mtawala huyo alikuwa amezunguka nyumba yake akitukana kila ukuta wa jirani, kisha akalala akiamini kwamba kuta hizo zitamkinga. Serikali ya Kenya ilieleza kwamba haikushirikiana katika shambulio; hata hivyo mafuta yalijazwa, majeruhi walitibiwa, na ndege zikaondoka.

Yaliyotokea Entebbe kwenyewe yamesimuliwa mara nyingi, na si lazima kuyarefusha. Karibu na saa sita ya usiku, baada ya kupita katika mvua ya radi juu ya ziwa, Hercules ya kwanza ilitua. Taa za njia ya kurukia zilikuwa zinawaka. Kutoka tumboni mwake lilitoka gari jeusi aina ya Mercedes, likifuatwa na Land Rover, kwa mfano wa msafara wa Amin, ambaye jioni ile ile alikuwa amerejea kutoka Mauritius. Njiani kuelekea jengo la zamani, askari wawili wa Uganda waliokuwa zamu waliinua bunduki zao na kuyataka magari yasimame. Mercedes haikuwadanganya. Walipigwa risasi. Kisha mlio wa bunduki ukasikika, na washambuliaji wakakimbilia ukumbini. Watekaji wote waliuawa. Mateka watatu waliuawa katika mapigano hayo, na ofisa aliyeongoza kikosi cha kuingia jengoni, Luteni Kanali Yonatan Netanyahu, aliuawa vilevile. Ndege za kivita za MiG zilizokuwa uwanjani zilichomwa moto ili zisiweze kufuata. Ndege ya kwanza yenye mateka iliondoka kabla ya saa moja kutimia. Ya mwisho iliondoka baada ya saa moja na nusu hivi. Watu 102 walirudishwa kwao.

Na askari wa Uganda je? Makadirio ya waliouawa usiku ule ni kati ya 20 na 45. Hao ndio wasiotajwa sana katika vitabu na filamu. Walikuwa vijana waliopewa amri ya kulinda jengo. Hawakuteka ndege, hawakudai wafungwa waachiwe, wala hawakuulizwa kama nchi yao iingie katika vita vya watu wengine. Wale wawili waliosimama barabarani mbele ya Mercedes walifanya kile hasa ambacho mlinzi hufundishwa: waliliona gari la mkuu wa nchi, na bado wakalisimamisha. Kwa kipimo cha askari, walitimiza wajibu wao. Waliokosa ni wale waliokuwa juu yao, waliowaweka mlangoni kulinda uhalifu, bila rada iliyo macho na bila tahadhari, huku mkuu wao akiamini kwamba kilomita elfu nne zinatosha kuwa boma.

Kisasi nacho kilikwenda kwa wasio na hatia. Bibi mzee Dora Bloch, mmoja wa mateka, alikuwa amepelekwa katika Hospitali ya Mulago kabla ya shambulio. Aliuawa baada yake, na mabaki yake yakapatikana mwaka 1979, Amin alipokwisha kuondolewa. Wakenya waliokuwa wakiishi na kufanya kazi Uganda waliuawa kwa mamia, na maelfu wakakimbia kurudi kwao. Kenya kwa upande wake ilibana mafuta yaliyokuwa yakipita katika nchi yake kwenda Uganda, na kwa majuma kadhaa magari ya Uganda, hata ya jeshi, yalikosa mafuta, mpaka nchi hizo mbili zilipopatana Nairobi mwezi Agosti 1976. Nchi iliyojiona iko mbali na adui zake iligundua kwamba kwa bandari ya Mombasa iko mbali zaidi. Mwezi Mei 1978 Bruce McKenzie, waziri wa zamani wa Kenya, anayetajwa kuwa alisaidia kupatikana kwa ruhusa ya kutua Nairobi, aliuawa na bomu lililolipuka katika ndege ndogo aliyokuwa akirudi nayo kutoka Uganda.

Msimamo wa Tanzania katika jambo hili unastahili kukumbukwa, kwa maana haukuwa msimamo mwepesi. Tanzania haikuwa rafiki wa Amin. Mwaka 1975 ilikataa kuhudhuria mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika kwa sababu ulifanyika Kampala chini ya uenyekiti wake. Hata hivyo, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipokutana Julai 1976, Tanzania pamoja na Benin na Libya zilitoa rasimu ya azimio la kulaani kuvunjwa kwa mipaka ya Uganda. Rasimu hiyo haikupigiwa kura. Rasimu ya Uingereza na Marekani, iliyolaani utekaji wa ndege, ilipigiwa kura lakini haikupata kura za kutosha. Tanzania ilitofautisha kati ya mtawala na nchi. Uganda haikuwa mali ya Amin, na mpaka wa nchi ya Afrika ukiachwa uvukwe na kila mwenye ndege na sababu, hakuna nchi ndogo itakayolala salama. Wakati huo huo, hakuna aliyeweza kukana kwamba Amin mwenyewe ndiye aliyeifungua nchi yake kwa kuwapokea watekaji.

Sasa na igeuzwe macho kwenye fimbo ya pili. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuingia Kagera, wakaua raia, wakapora mali na ng'ombe, na kulipua daraja la Kyaka. Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwatoa, kisha Januari 1979 likachukua Mutukula na kuendelea mbele. Masaka ilianguka mwezi Februari. Ndipo Libya ilipoanza kumimina askari na silaha kwa njia ya anga. Kutoka Tripoli hadi Entebbe ni zaidi ya kilomita 4,000; huo ni umbali mkubwa hata kuliko ule wa kutoka Lod. Ndege za Libya zilitua mchana na usiku bila kuzuiwa na mtu. Kwa hesabu ya mafuta na saa, Libya ilikuwa karibu sana na Uganda katika majuma hayo.

Walakini mambo hayakwenda kama hesabu. Mwezi Machi 1979 ndege ya Libya ya kutupia mabomu, aina ya Tupolev 22, ilitumwa kupiga matangi ya mafuta ya Mwanza. Mwanza iko chini ya kilomita 300 kutoka Entebbe. Mabomu yalikosa matangi, yakaangukia katika hifadhi ya wanyama na kuua swala. Huko Lukaya, kwenye barabara ipitayo katika kinamasi kati ya Masaka na Kampala, askari wa Libya na wa Amin walipata ushindi wa usiku mmoja tarehe 10 Machi, wakaupoteza usiku uliofuata. Tarehe 7 Aprili Brigedi ya 208 ya Tanzania, chini ya Brigedia Mwita Marwa, iliuteka uwanja wa Entebbe. Ndege moja ya Libya aina ya Hercules, ya namna ile ile iliyotumiwa na Israeli mwaka 1976, ilipigwa kwa roketi ilipokuwa ikikimbia njiani ili iruke. Tarehe 11 Aprili Kampala ilitekwa.

Basi kwa nini fimbo ya kwanza ilifika na ya pili ikaanguka? Wa kwanza walijua wanakwenda kufanya nini, kwa muda gani, katika jengo gani, na kwamba wataondoka kabla hakujapambazuka. Hawakutaka kuishika ardhi. Walitaka watu wao. Wa pili waliteremshwa katika nchi wasiyoijua, na baadhi yao hawakuwa askari waliofunzwa vya kutosha, ili wamshikie ardhi mtawala ambaye wananchi wake walikuwa wamekwisha kumwacha. Ndege huweza kumfikisha askari kilomita 4,000 kwa siku moja, lakini haiwezi kumpa sababu ya kupigana anapofika, wala kumwambia ni njia gani inapita kwenye kinamasi. Askari wa Tanzania walikwenda kwa miguu sehemu kubwa ya njia ya Mutukula hadi Kampala, kilomita mia mbili na ushee, kwa muda wa miezi mitatu hivi. Walikwenda polepole kuliko ndege yoyote. Lakini walikuwa pamoja na Waganda waliokuwa wakipigania nchi yao, na kila kijiji walichopita kilikuwa na mtu wa kuwaonyesha njia. Aliyeruka alifika kwanza; aliyetembea ndiye aliyebaki.

Historia ya umbali huu ina mafunzo matatu kwa wanaovaa sare. La kwanza ni kwamba hakuna kituo kilicho mbali mno kiasi cha mlinzi wake kusinzia. Njia ya kurukia ndege iliyo ndani kabisa ya nchi, mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote, ni mpaka sawasawa na mto au boriti ya forodha. Anayesimama zamu hapo anasimama mpakani. La pili ni kwamba habari husafiri haraka kuliko ndege. Aliyejenga, aliyefundisha, aliyeachiwa huru, anayepiga simu kwa sauti ya urafiki, kila mmoja huweza kubeba kipande cha ngome. Usiri ni sehemu ya ulinzi, na ukaguzi wa mfuko wa msafiri ni sehemu ya vita hata siku ambayo hakuna vita.

La tatu ndilo kubwa, nalo ni la wakuu kuliko la askari wa zamu. Boma la kweli la nchi yoyote iliyo kando ya Ziwa Victoria ni majirani zake na wananchi wake. Amin aliwakosa wote wawili. Alipowakosa majirani, Lod ikawa karibu. Alipowakosa wananchi, Tripoli, hata ilipomfikia, ikawa mbali. Wale askari wawili wa Entebbe walioinua bunduki usiku ule wa Julai 1976 walikuwa mlinzi wa mwisho wa nchi ambayo mkuu wake alikuwa amekwisha kuiondolea walinzi wote wengine. Askari wa namna hiyo anastahili serikali iliyo bora kuliko ile aliyokuwa akiilinda, na ni wajibu wa kila jeshi la wananchi kuhakikisha kwamba mtu wake wa zamu hasimami kamwe mahali pa peke yake namna ile.